Chupa ya Mama Watoto

"Mimi nikipita mahali, hata vumbi haliambiani."

Hiyo ndiyo ilikuwa kauli ya Inspekta Kivuli, na aliitoa popote palipokuwa na masikio: kituoni, kwa kinyozi, hata msibani. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Kivuli, basi. Mtu wa kuingia penye tukio na kutoka bila kuacha alama ya kisigino wala unywele. Askari wenzake walivaa mabuti yaliyotangaza ujio wao tangu mtaa wa pili. Yeye alivaa raba nyeusi zenye soli nyembamba kama ulimi, na alizipenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

"Raba hizi, koplo," alisema alasiri hiyo wakishuka garini mbele ya geti la kituo cha utafiti wa mimea, "ni kama hujavaa kitu. Hata hujui umekanyaga nini."

Koplo, dada mrefu mwenye subira ya mtu aliyezoea foleni za hospitali, akafunga mlango wa gari taratibu. "Nimesikia, afande."

"Umesikia lini?"

"Jana. Na juzi."

Kivuli akacheka, akainua chupa yake ya maji akaimaliza kwa mkupuo mmoja. Siku hizi hakutoka bila chupa ya maji. Joto, alisema. Joto la mwaka huu halina adabu.

Getini walipokewa na saluti ya nguvu. Mlinzi alikuwa mzee aliyewahi kuvaa magwanda, na mgongo wake bado ulikuwa unakumbuka. Iko kofia, iko mikunjo ya suruali, yako mabuti ya mpira yaliyofika magotini. Chini ya kwapa alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo.

"Daktari ameniamuru asitoke mtu mpaka nyinyi mfike, afande. Hajatoka mtu. Hata mimi mwenyewe sijatoka."

"Hiyo ndiyo kazi, mzee wangu."

Mlinzi hakusogea. Midomo ilimcheza kidogo kabla sauti haijatoka. "Afande, nina ombi. Mama watoto hali yake si nzuri. Nampelekea chupa hii, kisha narudi. Ni hapo tu, nyuma ya gereji."

Kivuli alilitazama lile taulo, akamtazama mzee, akaona nidhamu ya kizamani iliyopotea duniani. Akampiga begani.

"Mke ni mke. Nenda, mzee, chai isipoe."

Mlinzi alisimama kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kisha akasema, "Ahsante, afande," akapita getini, mabuti yakimlia chwa, chwa, chwa, mpaka akapinda kona.

"Umeona?" Kivuli akamwambia koplo. "Angekuwa kijana wa siku hizi, angeshatoroka bila kuomba."

Daktari wa mimea aliwakuta katikati ya korido. Alikuwa mama wa makamo, koti lake jeupe limefungwa vifungo vilivyokosana na matundu yake. Hakusalimia.

"Chupa," alisema. "Ya kioo, kubwa, ya kahawia, imejaa mpaka shingoni. Asubuhi ilikuwa kwenye kabati la stoo. Sasa haipo."

"Tuanze na salamu, daktari. Kisha utaniambia ni dawa gani."

"Si dawa! Ndiyo nimekuwa nikiwaambia watu wa humu ndani, kila mtu ananisikiliza nusu halafu anakwenda kutangaza mtaani kwamba ni dawa." Akavuta pumzi. "Umewahi kuunguza sukari kwenye sufuria, Inspekta?"

"Mimi na jikoni hatujuani."

"Inageuka kahawia, inashika, unakwangua mpaka kijiko kinapinda. Basi mgonjwa wa kisukari, sukari ikimzidi kwenye damu kwa muda mrefu, inamnata hivyo hivyo kwenye protini za mwili. Kwenye mishipa midogo ya macho. Kwenye figo. Kwenye neva za miguu. Protini zinakakamaa, haziwezi tena kufanya kazi yake. Sisi tumepata viini kwenye majani ya mti mmoja, tukaona vinapunguza huko kunata."

"Sasa hiyo si ndiyo dawa?"

"Ndani ya mirija ya kioo! Hata panya hatujampa. Na hivyo viini haviji vyenyewe vikitembea. Tunaviloweka kwenye methanoli ili vitoke kwenye majani. Ile spiriti mbaya. Ukiitazama ni kinywaji, ukiinusa ni kinywaji. Vijiko vichache vinatosha kumpofusha mtu. Nusu kikombe, unachimba kaburi." Akaingiza mikono mifukoni. "Mwizi wa vyombo angechukua mizani, angechukua kompyuta. Huyu kachukua chupa ile ile. Kwa hiyo kuna mgonjwa mahali fulani, sasa hivi tunavyoongea, na chupa yangu iko mbele yake, na kijiko."

 Kivuli alilegeza kola.

"Asiingie mtu stoo," aliamuru. "Hata wewe, koplo. Simama mlangoni. Nyinyi mkiingia mahali ni kama ng'ombe wamefunguliwa."

Stoo ilikuwa chumba chembamba, sakafu ya saruji, kabati upande mmoja na dirisha upande wa pili. Kitasa cha mlango hakikuwa na mkwaruzo. Chini ya kabati kulikuwa na vioo vilivyosambaa: bilauri kubwa ya maabara iliyoangushwa na mtu mwenye haraka. Kivuli akaingia kwa namna yake. Akajibana ukutani, akanyata, akaruka hapa, akatua pale, akachungulia kabati bila kuligusa, akafika dirishani, akaliona limefungwa kwa ndani. Koplo alimtazama kama anatazama ngoma. Kisha Kivuli akatokea mlango wa nyuma, akaenda msalani, akanywa maji ya bomba kwa viganja mpaka tai ikalowa, akarudi kupitia korido.

Hapo koridoni ndipo alipoisikia.

Tik.

Akasimama. Kimya. Akapiga hatua. Tik. Akageuka ghafla, mkono kiunoni penye bastola. Korido tupu, na picha za majani zimening'inia ukutani zikimtazama.

"Koplo," alinong'ona alipofika, "kuna mtu humu ananifuata nyuma."

"Sijaona mtu, afande."

"Ndiyo maana nakwambia ananifuata mimi, hakufuati wewe." Akachungulia stoo, na macho yakamtoka. "Na ile nini?"

Damu. Tone karibu na kabati. Jingine kando ya ukuta. Doa lililoburuzwa karibu na dirisha, kisha mengine yakielekea mlango wa nyuma, mabichi, yanang'aa.

Koplo akakunja uso. "Afande, mimi sijatoka hapa mlangoni. Hii damu haikuwepo."

"Haikuwepo machoni mwako."

"Tena bado mbichi. Na mle ndani hajaingia mtu zaidi ya…"

"Koplo! Nani mpelelezi hapa?" Alishachuchumaa, pua karibu na sakafu. "Sikiliza ujifunze. Mguu wa kulia. Mwanamume. Uzito wa kawaida, kimo chake ni kama changu hivi. Mtu anayejua kunyata, huyu. Angalia alivyojibana ukutani. Mtu mwenye akili. Mjuaji. Kajikata na kioo wakati anaiba, na kwa kuwa damu ni mbichi, bado yumo humu humu jengoni." Akasimama, magoti yakalia. "Mwenye damu hii, nakuapia, leo nitamvua kiatu mbele za watu."

Ilikuwa siku ya mapumziko, na waliofika kazini walikuwa wachache: daktari, fundi wake wa maabara, na yule mlinzi aliyekwenda kwake. Kivuli akamtoa mlinzi kwenye hesabu palepale. Mtu aliyesimama getini kwa amri hana nafasi ya kuiba. Akawasimamisha wawili waliobaki dhidi ya ukuta.

"Viatu chini."

"Inspekta," daktari alisema akivua, sauti ikimpasuka, "unatafuta mguu. Mimi natafuta chupa."

"Ukipata mguu umepata chupa."

Miguu ya daktari ilikuwa mizima. Fundi, kijana mwembamba mwenye ulimi usiotulia, alivua viatu akabaki na soksi.

"Na soksi."

"Afande, soksi nina sababu zangu za kibinafsi."

"Vua."

"Mbele ya dada koplo?"

"Vua, kabla sijaivua mimi na ngozi yake."

Kijana akavua. Sababu ya kibinafsi ilionekana: soksi yenyewe ilikuwa tundu kubwa lililozungukwa na soksi kidogo. Lakini Kivuli hakucheka, kwa sababu kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia kulikuwa na plasta.

"Aha!"

"Mpira, afande. Nilipiga jiwe nikidhani mpira."

"Una funguo za stoo?"

"Ninazo. Kazi yangu. Daktari anazo, mlinzi anazo, mimi ninazo."

"Kitasa hakijavunjwa, funguo unazo, kidole kimekatika. Umempelekea nani chupa?"

"Sijampelekea mtu!"

Pingu zikalia. Koplo akabandua plasta kwa upole, akatazama, akamwinulia afande wake nyusi. Kidonda kilikuwa cha zamani, kikavu, kimeshaota ngozi. Kivuli akasema vidonda vingine huwa vya uongo. Akapekua droo za kijana, mkoba wake, pipa la taka, friji ya maabara. Akapata mkate, chaja, na kitana kisichokuwa na meno. Akamrudia na maswali yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Muda ulikuwa unakwenda, na daktari alikuwa amekaa sakafuni pekupeku, simu sikioni, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wamepokea mtu anayetapika na asiyeona. Kila alipokata simu alisema neno moja tu: "Bado." Hakuna aliyejua kama hilo bado lilikuwa la kufurahia au la kuogopa.

Kivuli kinywa kilikuwa kimemkauka kama amelamba chaki. "Hamna maji humu? Chai basi. Jengo zima halina chai? Mwenzenu mlinzi kampelekea mkewe chupa nzima."

Fundi, machozi yakiwa bado kwenye mashavu, akaguna. Kicheko kilimtoka bila ruhusa.

"Nini kinakuchekesha?"

"Chupa ya chai ya mlinzi, afande? Ile niliipasua mimi wiki iliyopita. Kwa mpira huo huo. Amenuna mpaka leo, chai anakunywa kwenye yetu hii hapa." Akaonyesha kwa kidevu, maana mikono ilikuwa kwenye pingu. Juu ya meza ilikuwa chupa ya chai ya bati, moja tu, imejaa. "Yeye hana chupa."



Daktari aliinuka polepole. "Alikuwa na chupa gani?"

 Kivuli alikuwa anasikia sauti ya mzee, neno kwa neno: nampelekea chupa hii. Akairudia tena kichwani akitafuta chai ndani yake. Hakuiona.

"Ilikuwa kwenye taulo," koplo alisema badala yake.

"Jamani," fundi alisema, na sasa uso ulikuwa umempauka kabisa. "Jamani, jana aliniuliza. Aliniuliza ile ya daktari mtu anatumiaje. Nikajua ananitania, na mimi nikamtania. Nikamwambia…" 

"Ukamwambia nini?" daktari akamshika kola. "Ukamwambia nini, wewe mtoto?"

"Kijiko kikubwa, kutwa mara tatu."

Hawakusubiri gari ligeuzwe. Walikimbia: koplo mbele, daktari pekupeku, fundi na pingu zake akielekeza njia kwa kidevu, na Kivuli nyuma. Walipita gereji ambako mafundi waliacha spana wakasimama kuangalia sinema ya bure. Nyuma ya gereji kulikuwa na vyumba vya kupanga vilivyoshikana mabega, kila kimoja na ngazi yake ya saruji. "Mlango wa mwisho!" fundi alipiga kelele. "Wenye pazia la bluu!"

Koplo alilipita pazia kama wimbi.

Chumba kilikuwa na kitanda, kabati la nguo, meza na stuli. Kitandani alikaa mwanamke mzee, mnene kiasi, uso ameuelekeza mlangoni lakini macho yakitazama pembeni ya watu. Mikononi alishika kikombe. Mbele yake, kwenye stuli, alikaa mlinzi, kofia mapajani. Mezani ilisimama chupa ya kahawia, taulo limekunjwa vizuri pembeni, na kopo la sukari liko wazi.

Koplo alikipiga kikombe. Kikaruka, kikagonga ukuta, kikamwaga uchungu wote sakafuni.

"Ee!" mwanamke alishtuka. "Baba watoto, nani hao?"

"Umekunywa?" daktari alimpigia magoti. "Mama, nijibu, umekunywa?"

"Sijakunywa. Nilikuwa naingoja itiwe sukari kidogo, ni chungu. Nikamwambia sukari si nimekatazwa? Akasema leo tu, ili ishuke."

Daktari akaweka paji la uso kwenye godoro, akatoa sauti iliyokuwa nusu kicheko. Ndipo mwanamke akaongeza, kwa upole wa mtu anayemsifu mumewe mbele ya wageni:

"Ametangulia yeye."

Wote wakamgeukia mlinzi.

"Vijiko viwili," mzee alisema. Alijaribu kusimama apige saluti, akayumba, akakaa. "Nilisema kama ina ubaya, uanze na mimi. Macho yangu mazima. Yake ndiyo yanaisha. Wiki hii alinisalimia kwa jina la kaka yangu nikiwa nimesimama mbele yake, afande. Hatua mbili. Hakuniona." Akapikicha macho kwa nguvu. "Humu ndani mbona kuna ukungu?"

"Babu, nilikutania!" fundi alilia. "Kutwa mara tatu nilikutania!"

"Uliposema ulikuwa hucheki, mjukuu wangu."

"Simama, mzee," Kivuli alisema, na sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. "Uliniambia chai."

Mlinzi akamtafuta kwa macho, akamkosa kidogo, akampata.

"Mimi sikusema chai, afande. Chai umesema wewe. Nilitaka kukwambia. Miaka yote ya kazi sijawahi kumwongopea mkubwa wangu, nikasema nitamwambia. Ukanipiga begani."

Hapakuwa na muda wa maneno mengine. Koplo alimfungua fundi pingu, wakambeba mzee, mmoja huku mmoja kule, daktari nyuma akiwa na chupa kifuani ili madaktari wa hospitali waone wenyewe ni sumu gani wanayopigana nayo. Mafundi wa gereji wakatoa gari lililokuwa limeinuliwa nusu. Mlangoni mzee aligeuza shingo. "Mama watoto, narudi," alisema, akielekea kabati la nguo. Hakuwa anamwona tena alipo.

Gari likaondoka. Kivuli akabaki, maana mtu hawezi kumwacha mama asiyeona peke yake chumbani na kikombe cha sumu kimemwagika, na pia kwa sababu hakuna aliyemwambia aje.

Akaokota vipande vya kikombe. Akafunga kopo la sukari. Akaanza kutembea, kutoka meza mpaka mlango, mlango mpaka meza, kama afanyavyo akiwa anafikiri.

"Atapona?" mwanamke aliuliza.

"Wamewahi, mama. Hospitali wana namna ya kuizuia."

"Na macho yake?"

Kivuli akatembea. Meza, mlango. "Kuna maji, mama?"

"Kwenye ndoo, na kikombe kiko juu."

Alikunywa kikombe kizima. Akachota kingine. Mwanamke alikuwa ameinamisha kichwa upande, akisikiliza.

"Ni wewe uliyemruhusu?" aliuliza. "Aliniambia kaingia kwa sababu kuna afande mmoja mwema kamwachia apite. Alifurahi sana. Akasema, ameniambia niwahi isipoe."

"Ni mimi."

"Nilijua. Sauti yako inafanana na ya mtu mwema." Hakusema kwa kejeli, na hiyo ndiyo iliyomchoma. Kivuli akarudi kwenye kutembea, akasema lile alilokuwa nalo.

"Kuna jambo moja halijakaa sawa, mama. Aliyeingia stoo alikatwa mguu. Damu nimeiona kwa macho yangu. Mumeo amevaa mabuti ya mpira, hana hata mkwaruzo. Kwa hiyo kuna mwenzake. Kuna mtu wa pili, na bado sijamshika."

"Mwanangu, kaa kwanza."

"Nikikaa sifikirii."

"Kaa. Unanisumbua na hicho kiatu."

"Raba hizi hazina sauti, mama. Mji mzima unajua."

"Mguu wa kushoto hauna. Wa kulia unalia tik." Akagonga ukucha kwenye ubao wa kitanda kumwonyesha. "Tangu umeingia. Kila ukikanyaga, tik. Nimedhani umepiga chuma kwenye soli kama wacheza ngoma."

Kivuli alisimama katikati ya chumba, mguu mmoja mbele. Aliutazama mlango. Kutoka kwenye ngazi mpaka kwenye ndoo, kutoka kwenye ndoo mpaka mezani, kwenye kila hatua aliyoipiga, saruji ya mama wa watu ilikuwa na madoa mekundu. Yaliyo karibu naye yalikuwa bado yanang'aa.

"Nipe huo mguu," mwanamke alisema.

"Si kitu, mama."

"Nipe."

Akakaa kwenye stuli ya mlinzi. Mwanamke akateremka kitandani akipapasa, akaukuta mguu, akauweka mapajani pake kama wa mtoto anayekatwa kucha. Akapitisha kidole chini ya soli, kikasimama. Akavua ile raba. Ilikuwa imejaa, soksi ilitoka na sauti ya kitambaa kinachokamuliwa.

"Mimi ilikuwa msumari," alisema akipapasa. "Nilitembea nao sokoni na kurudi. Watu ndio walionionyesha. Wakati huo nilikuwa bado naona, na sikuona." Vidole vyake vikatulia. "Unakunywa sana maji, mwanangu."

"Joto."

"Na unakwenda msalani."

"Maji yakiingia si lazima yatoke?"

"Una sukari."

"Sina." Jibu lilitoka haraka mno. "Mimi mzima. Kazi yangu ni ya kukimbia, mama, watu wenye sukari huwekwa ofisini wakapige mihuri. Mimi sina sukari."

Mwanamke hakubishana naye. Alikishika kitu kwa ncha za kucha mbili, akakivuta polepole, moja kwa moja, kama anayetoa mwiba kwa mtoto aliyelala. Kilitoka. Kikaendelea kutoka. Kipande cha kioo cha bilauri, kirefu kama kidole chake cha shahada, akakiweka kwenye kiganja cha Inspekta Kivuli, akakifunga kile kiganja kwa vidole vyake.

Akangoja. Uso wake ulikuwa umeelekea kando kidogo ya alipo Kivuli, ukisikiliza.

"Mbona hulii?"

"Hakiumi, mama."

"Hakiumi kabisa?"

"Kabisa."

"Basi hapo ndipo pa kulia, mwanangu."